Kuku wa Kulishwa Pilipili

Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipofunguliwa mipaka, kitu chochote cha nje kilikuwa kizuri hata kabla hakijafunguliwa. Sabuni ya nje, kandambili za nje, suruali aliyoichoka Mzungu huko kwao, vyote Dodoma tulivipokea kwa heshima zote. Ndiyo maana Ambokile, asubuhi moja akiwa amekaa kwenye baa ya Mama Frida pale Chang'ombe, hakuhitaji kuumiza kichwa.

"Bunge linaanza wiki mbili zijazo," Mama Frida alikuwa akimfokea mpishi wake. "Waheshimiwa watakula wapi? Kwa yule wa stesheni! Kuku wake na kuku wangu wana tofauti gani? Nataka kitu cha nje, Anastazia. Cha nje!"

Ambokile akaweka soda mezani taratibu, akafunga vifungo vya koti. Lilikuwa koti la sufu, na jua la Dodoma mnalijua, lakini mtu anayeheshimu kazi yake huvumilia. Na kazi ya Ambokile ilikuwa ulimi, basi. Kwa ulimi huo alikwisha kuwauzia watu wa Mbeya mashine ya kusaga ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na Morogoro aliuza kiwanja cha kanisa, padri akiwa ndani anasalisha.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa kuingilia. Umewahi kumsikia kuku wa Beira?"

"Marahaba. Beira ndiyo wapi?"

"Msumbiji. Nimeishi huko miaka tisa." Hata mto Ruvuma alikuwa hajauona kwenye picha. "Mreno aliitoa pilipili ng'ambo kwa meli, akaileta Msumbiji. Mpishi wa gavana ndiye aliyegundua siri. Kuku hapakwi pilipili, mama. Kuku hulishwa pilipili. Siku saba, akiwa hai! Inaingia kwenye damu, inatua kwenye minofu. Siku ya kumchinja, ameshajitia viungo mwenyewe."

Mama Frida alishika kifua. Mwanamke huyu alikuwa akihesabu hata njiti za kiberiti, lakini neno "gavana" lilimlainisha.

"Na yule wa stesheni anaijua siri hii?"

"Tanzania nzima, tuko wawili. Mimi, na sasa wewe."

Anastazia, mpishi, muda wote alikuwa akichambua mchele. Ambokile akamgeukia kwa ukarimu wa wasomi. "Wewe dada, kwenu wapi?"

"Kongwa."

"Aa, Kongwa! Ng'ombe wengi kule."

Hapo ndipo alipokosea, maskini. Kama angeisoma historia badala ya kuitunga, angekumbuka kwamba Kongwa ndiko wapigania uhuru wa Msumbiji walikoweka kambi, miaka na miaka. Anastazia alikulia jirani na kambi ile. Mama mmoja wa Kimsumbiji alimfundisha kuchoma kuku kabla hajajua kusuka ukili. Lakini mpishi haulizwi historia, kwa hiyo aliendelea na mchele wake.

Ambokile akachukua kuku mmoja wa majaribio, akakaa naye gesti siku tatu, akisema kwa kuonja tu zinatosha. Alipomrudisha, Anastazia akamchinja, na mtaalamu akajifungia jikoni peke yake na mkoba wake wa ngozi. Kuku alitoka mwekundu, anawasha kidogo, anadai sifa. Mama Frida alilamba vidole vyote kumi.

"Mama," Anastazia alisema, akinyoosha sahani. "Hii firigisi nimeipasua mwenyewe. Humu kuna pumba na kifungo cha shati. Hata mbegu moja ya pilipili hamna."

Ambokile hakupepesa jicho. "Imeshasagika, dada. Imeingia kwenye damu. Hiyo ni sayansi."

"Umesikia? Sayansi!" Mama Frida alidakia. "Wewe darasa la nne unataka kubishana?"

Kuku thelathini wakaagizwa wapelekwe Msalato, kwenye shamba maalumu la kulishia. Kumi na wanane walikuwa wa Mama Frida. Kumi na wawili walikuwa wa Anastazia, aliowafuga nyuma ya jiko kwa miaka mitatu ili anunue bati za kibanda chake mwenyewe. Hakuombwa. Aliona tu wanashikwa miguu.

"Mama, wale ni bati zangu."

"Wabunge wakija utaziona bati! Acha uchoyo."

Usiku ule Anastazia alilia, sitaficha. Kisha akanawa uso, akachukua kinu.

Alitwanga pilipili kichaa, zile ndogo zinazoelekea juu, pamoja na vitunguu saumu na chumvi ya mawe. Akakamua ndimu. Jogoo mmoja aliyewaponyoka washikaji alimchinja, akampasua kifuani akamlaza bapa, akamchemsha kidogo maana kuku wa kienyeji ana kiburi, akamtia kwenye viungo hadi asubuhi. Kulipokucha akamweka juu ya makaa yasiyo na haraka, akimpaka mafuta ya alizeti na pilipili, akimgeuza, akimpaka tena. Mtaa mzima ulianza kupiga chafya.

Saa sita lori likafika. Dereva, Kefa, alikuwa ameelewana na Ambokile kubeba matenga ya kuku, na hakuambiwa zaidi ya hapo. Ambokile alikuwa na mguu mmoja nje Anastazia alipotokea na sinia.

"Mgeni hawezi kuondoka hivihivi. Nimekupikia kuku wa Beira, nilivyojaribu mimi wa Kongwa. Na firigisi yako hii, mkubwa wetu."

Baa ilikuwa imejaa. Ukimkatalia mwanamke firigisi mbele za watu umemtukana, tena utaulizwa kwa nini mtu wa Msumbiji anaogopa pilipili. Ambokile akaketi, akatafuna.

Mwanzoni alitabasamu. Halafu tabasamu likabaki peke yake usoni, mwenyewe hayupo. Machozi yakamtoka, kamasi zikafuata, koti la sufu likalowa mgongoni.

"Ndiyo yenyewe?" Mama Frida aliuliza kwa shauku.

"Mm," Ambokile alisema.

"Basi maliza, baba! Usitie aibu."

Alimaliza paja. Aliomba maji kwa mikono. Bomba la Chang'ombe lilikuwa kavu tangu juzi. Kefa, aliyevutwa na harufu, alikuwa ameshajivutia bawa na anatafuna kwa raha zake.

"Eh, dada, hii ni hatari! Mzee, tumalize twende, Dar mbali. Wanunuzi wako wa Kariakoo wanataka kuku kesho alfajiri."

Vichwa vyote vikageuka.

"Dar?" Mama Frida alisema. "Si Msalato?"

Siku nyingine yoyote Ambokile angejibu kabla swali halijaisha. Angetaja shamba, mkurugenzi, hata daktari wa mifugo. Alifungua mdomo, ulimi umevimba umejaa kinywa.

"Mfa... mfalafo..." alisema.

Akakimbia. Koti aliliacha, mkoba aliuacha. Ndani ya mkoba kulikuwa na chupa ya pilipili ya dukani, imebanduliwa karatasi ya jina.

Mama Frida alilaani kwa robo saa, kisha akamgeukia mpishi wake kwa sauti ya asali. "Anastazia mwanangu, hii umepikaje?"

Anastazia alimtazama sana.

"Si ulimsikia, mama? Yule ni mwizi, lakini elimu yake ni ya kweli. Yule jogoo nilimlisha pilipili kwa siri. Hapa pilipili zimekwisha, Kongwa zimejaa. Nikawalishe huko kuku wote, siku saba tu."

"Nilijua! Nilijua ni sayansi!" Mama Frida akasaidia kupakia matenga yote kwa mikono yake. "Na yule wa stesheni asijue!"

Kefa alimshusha Anastazia njia panda ya Mbande, pa kuingilia Kongwa, kuku thelathini wakiwa salama, akakataa nauli akaomba bawa.

Bunge lilipoanza, waheshimiwa kutoka Dar waliingia Chang'ombe wameshiba, midomo myekundu, wakisifia kibanda kimoja cha Mbande chenye bati mpya. Mama Frida aliwasikiliza kwa uvumilivu. Alikuwa anasubiri kuku wake, maana siku zilikuwa zimeshafika kumi na mbili, na alijiambia kwamba kadiri wanavyokaa ndivyo watakavyokolea.