Sanduku la Kijivu Katika Wiki ya Michezo

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya Michezo imefunguliwa! Maktaba ya chuo kikuu, ambamo kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwanyamazisha watu, sasa ina meza kumi na mbili za watu wanaorusha dadu na kupiga kelele kwa ruhusa. Mkuu wa maktaba ametangaza kwamba mchezo bora uliobuniwa na mwanafunzi au mfanyakazi utaingizwa kwenye katalogi siku ya Ijumaa. Utapewa namba ya rafu. Jina la mbunifu litaandikwa. Daima dumu! Mimi ni mtu wa dawati la kurudishia vitabu, nimebandika lebo zenye majina ya wengine tangu nikiwa na nywele. Sasa ni zamu yangu.

Isitoshe, kuna baba mkwe. Kila Jumapili huniuliza, kwa upole unaouma, ni kitu gani ndani ya jumba lile chenye jina langu. Jana ulimi uliniteleza. Nikamwambia aje Ijumaa ajionee. Amekubali! Koti lake tayari liko kwa dobi.

Mchezo wangu unaitwa Rudisha Kitabu. Sheria arobaini na sita. Mama watoto alizisoma huku akikunja nguo, akauliza kama huu ni mchezo au mkataba wa ajira. Hata hivyo ubao wote aliuchora yeye, kwa mkono wake, jioni tatu, bila kunung'unika. Namshukuru sana, ingawa sheria ya kumi hakuielewa.

Jumanne, 5 Machi

Nina mpinzani. Fundi wa majalada, yule dada wa karakana ya kukarabati vitabu, tunayemwita Bi Gundi kwa sababu vidole vyake havijawahi kuwa vikavu. Naye ametunga mchezo! Amechukua mabaki ya vitabu vilivyoharibika, akakata sentensi katikati na kuzigandisha kwenye vipande vya kitambaa cha majalada. Mchezaji anaunganisha nusu mbili zisizojuana, kisha anasoma kwa sauti. Basi! Sheria mbili tu. Watu wanavunjika mbavu. Nilicheza mara tatu, kwa upelelezi. Mara ya nne pia ilikuwa upelelezi.

Kwenye meza yangu walikaa wanafunzi wanne. Mmoja alisoma hadi sheria ya kumi na tisa, akauliza choo kiko wapi, hajarudi. Sheria ya thelathini na moja inasema anayecheka anarudi mwanzo. Mpaka sasa haijatumika.

Michezo yote inawekwa kwenye masanduku ya kijivu ya karakana, bila jina nje, ili waamuzi wasipendelee mtu. Ya wafanyakazi ni mawili tu, langu na lake, na yanalala kwenye stoo nyuma ya dawati langu. Yanafanana kama mapacha. Lakini mimi si mjinga. Tangu jana langu nimelitia nukta nyekundu chini, ndogo, haionekani na mtu.

Jumatano, 6 Machi

Nimefanya jambo.

Kila mtu wa maktaba anajua hili: ukitaka kuficha kitu humu ndani, huhitaji kufuli. Kipe namba isiyo yake, kiweke rafuni. Kwisha habari yake. Kuna kamusi tunaitafuta tangu mwaka nilioajiriwa.

Saa ya chakula niliingia stoo. Nikageuza masanduku. Lenye nukta nikaliacha. Lisilo na nukta nikalibandika lebo ya namba niliyoibuni hapo hapo, nikashuka nalo chini ya ardhi kwenye vitabu visivyoazimwa, nikalichomeka. Namba sikuiandika popote. Mimi si mhalifu wa kuacha ushahidi!

Saa tisa Bi Gundi akaniletea chai. Akasema naonekana nimechoka, kaka, nisijiue na kazi. Ilikuwa tamu, jambo lililozidi kuniumiza. Niliimaliza.

Alhamisi, 7 Machi

Msiba!

Nimefungua sanduku lenye nukta ili nipange vipande vyangu. Ndani, nusu za sentensi. Vitambaa. Mchezo wa Bi Gundi!

Nilikuwa bado nimetoa macho alipopita. Akaomba radhi. Alisema Jumanne jioni aliona kona ya sanduku langu imepasuka, akaona ni aibu mchezo wenye ubao mzuri vile ukae kwenye sanduku bovu, akanihamishia kwenye jipya lake. Lile bovu akalishona, akalichukua yeye. Alisahau tu kuniambia.

Nimemficha nani? Nimejificha mwenyewe!

Nikashuka mbio chini ya ardhi. Juzuu elfu kumi na moja. Namba ilianza na sita. Au na nane. Nilitafuta hadi saa kumi na goti langu bovu likagoma. Nikaenda kumwambia Mkuu kwamba mchezo wangu umepotea. Akanipa pole, akasema mchezo usioonekana hauwezi kuamuliwa. Bi Gundi alikuwepo. Alitazama tu vumbi kwenye suruali yangu.

Nyumbani baba mkwe amepiga simu kuuliza avae tai au asivae.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Bi Gundi alinivuta pembeni. Hakuuliza nani kaficha. Aliuliza tu hivi: mtu mwenye goti bovu, akiwa na haraka, angechomeka sanduku rafu ya juu, ya kati au ya chini? Nikamwambia ya kati. Angeenda mbali na lifti? Nikasema asingeweza. Macho yakanijaa machozi. Alijua! Alijua, na hakunisema.

Kisha akapanda juu ya kiti, akawatangazia wanafunzi mchezo mpya: sanduku la kijivu limepotea chini ya ardhi, makundi manne, kila kundi linapewa dokezo baada ya kutaja kitabu kimoja cha ajabu lilichokiona njiani. Wakashuka kama maji. Watoto wa watu ambao hawajawahi kujua kwamba tuna chumba kile! Wakawa wanasomeana vichwa vya vitabu kwa sauti. Mmoja alipata ripoti nzima kuhusu kinyesi cha popo, akakataa kuiachia. Mwingine aliibuka na ile kamusi! Baba mkwe, na tai yake, alijiunga na kundi la tatu na kuanza kutoa amri.

Sanduku alilipata binti anayesomea kilimo, kati ya ripoti za mwaka za udongo. Rafu ya kati. Hatua sita kutoka kwenye lifti.

Mkuu akasema hajaona maktaba ikiwa hai namna ile. Mchezo bora ni huo msako wenyewe. Sheria nne zimeandikwa kwenye karatasi moja (nilijaribu kuongeza ya tano, wakanizuia), zikatiwa kwenye sanduku. Akauliza mbunifu ni nani. Bi Gundi akajibu, bila hata kunitazama, kwamba ni sisi wawili, na kwamba bila mimi sanduku lisingepotea vizuri vile.

Jina langu liko kwenye katalogi. Baba mkwe alifuta miwani, akalisoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Halafu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mwanangu. Miaka kumi na minne ya ndoa, hakuwahi. Nimelia mbele ya wanafunzi, wala sioni haya.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwaza Bi Gundi wikendi nzima. Nilimkosea, naye akanisetiri. Nilimwendea asubuhi kumwomba msamaha, lakini ulimi ukawa mzito, nikaishia kumshukuru kwa chai. Akacheka, akasema karibu tena.

Shukrani ya maneno haitoshi. Mchezo wake wa nusu za sentensi, uliowachekesha watu wote, umerudishwa stoo kama takataka. Hiyo si haki! Mkuu anasema usubiri mwaka ujao. Mimi sisubiri.

Saa ya chakula, Bi Gundi akiwa hayupo, nimelichukua sanduku lake. Nimelibandika lebo safi yenye jina lake. Nimeliweka rafuni kimya kimya, mahali pa heshima kabisa. Ijumaa nitamshika mkono, nimpeleke, ajionee mwenyewe. Ataanguka kwa furaha!

Namba sikuiandika popote, siri isije ikavuja. Iko kichwani. Inaanza na sita. Au na nane.