Nilivyomkana Mchumba wa Mjukuu Wangu

Wanadarasa wenzangu, leo nimeaibika, tena mbele ya watu waliovaa vizuri. Nawaandikia mapema hapa kwenye kundi letu, mlipate jambo hili kwangu, kabla waendesha bodaboda hawajaliongezea chumvi.

Leo tulikwenda upande wa Murongo kumposea mjukuu wangu Mugisha. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa ukoo. (Nilijichagua mwenyewe. Nilisema wengine hawajui kuongea.) Binti, Kokusima, sikuwahi kukutana naye, ila picha yake nilikuwa nayo kwenye simu, na njiani niliitazama mara kadhaa nisije nikakosea. Mweupe, kidevu kimechongoka, shingo ndefu, kiuno cha kushikwa kwa viganja viwili.

Utaratibu wa huku mnaujua. Wasichana hutolewa mmoja mmoja wamefunikwa vitenge, shangazi anafunua uso, msemaji anaulizwa, "Ni huyu?" Wa kwanza nikasema siye, watu wakacheka. Wa pili siye, nikaongeza na utani. Akaja wa tatu. Shangazi akafunua. Msichana mweusi, mashavu ya mviringo, mwili umejaa, anatabasamu. Vigelegele vikaanza. Nikadhani wenyeji wananitega.

"Siye," nikasema.

Mugisha akanigusa kwa kiwiko. Kwa desturi mposaji haongei siku hiyo, nami nikaelewa kwamba ananihimiza niendelee kunogesha.

"Huyu mtampatia mume wake," nikasema kwenye kipaza sauti. "Sisi tumemfuata mweupe, mwembamba. Huyu hapa." Nikainua simu juu, kila mtu aone.

Vigelegele vikakatika. Msichana akajifunika mwenyewe, akageuka, akaingia ndani.

"Babu," Mugisha akanong'ona, kichwa kiko magotini, "ndiye."

Shangazi alirudi baada ya muda, simu ya binti mkononi. Ni mama mfupi mwenye sauti ya upole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Mzee, binti amesema hatoki. Kama mnamtaka wa kwenye simu, mchukueni huyo, na ng'ombe mpelekeeni huko huko aliko."

"Shangazi, picha ilikuwa hivi. Sisi tungejuaje?"

"Mngejua. Mliiagiza wenyewe."

Akaisogeza simu kwenye kipaza sauti, akabonyeza. Kikatoka kikohozi, kisha sauti ya mzee fulani mwenye maringo: "Mugisha, picha nimeiona. Huyu ni mchumba au kibarua? Mweusi, mashavu yamejaa. Mwambie atume nyingine, ajitengeneze kama wale wasichana wa kwenye televisheni."

Mzee mwenyewe ni mimi. (Hata kikohozi nilikitambua.) Niliyasema hayo miezi mitatu iliyopita, nimekaa zangu nakunywa chai, picha yenyewe nikaisahau, na Mugisha, mjinga kama babu yake, akamrushia binti yalivyo.

Nikaomba nikaongee naye.

"Nyuma kuna wanawake wanapika," shangazi akasema. "Ukitaka kuingia, ingia kama wanavyoingia." Akanipa kisu.

Basi nikajikuta na suti yangu, kwenye kigoda, mbele ya rundo la ndizi, namenya. Mke wangu Paskazia alikuwa pale tangu asubuhi. Hakuniangalia.

"Mzee, unaondoa ganda au unaondoa ndizi?" mama mmoja akaniuliza. "Punguza, watu wale nini?"

Vidole vilishaanza kuwa vyeusi kwa utomvu Kokusima alipotoka, akakaa mbele yangu.

"Shikamoo, babu."

Afadhali angenitukana.

"Marahaba, mwanangu. Nimekukosea."

"Ile picha ya kwanza nilikuwa naipenda," akasema. "Siku ile tulikuwa tumemaliza kuvuna kahawa. Baada ya kusikia maneno yako nikaitazama tena, nikaona mashavu tu. Nikaifuta. Hiyo ya pili ni simu iliyonichonga. Nimejaribu kujichonga na mimi, babu. Jioni sili. Kila asubuhi najitazama kwenye kioo, natafuta yule wa kwenye simu, simwoni."

Nikaweka kisu chini, nikatoa simu. Nilikumbuka kitu kimoja: mimi sijui kufuta picha. Kila nilichotumiwa tangu nianze kumiliki simu kimo humo, pamoja na matangazo ya misiba ya miaka iliyopita. Nikatafuta kwa kidole chenye utomvu mpaka nikaipata. Kilemba, kikapu cha kahawa kiunoni, jua la mchana usoni, anacheka mpaka macho yamefumba. Nikampa.

Aliitazama muda mrefu. Wanawake wakaacha kumenya.

"Nirushie," akasema. Kisha akasimama. "Nitatoka. Lakini wewe usinitambue tena. Anitambue bibi."

Paskazia, ambaye hajawahi kushika kipaza sauti maishani mwake, akafuta mikono kwenye kitenge, akaenda mbele. Kokusima akatoka bila kufunikwa.

"Ni huyu," Paskazia akasema. "Na asipungue hata kidogo."

Vigelegele vya safari hii nilivisikia nikiwa kwenye kigoda changu, mikono nimeiweka mbali na suti.

Jioni hii, tulipokuwa tunarudi, nikaona nimsifu mke wangu.

"Umeongea vizuri, mama."

"Nimechelewa tu," akanijibu. "Unaikumbuka kalenda ya sabuni uliyobandika chumbani tulipooana? Yule mwanamke mweupe? Mwaka uliisha, ukaja mwingine, hukuibandua. Zile krimu nilizokuwa najipaka, ulidhani najipaka kwa ajili ya nani?"

Ana baka shavuni la tangu wakati ule. Watu wakiuliza, mimi ndiye huwa najibu. Huwa nasema ni jua.

Tumeshafika nyumbani. Sasa hivi yuko jikoni, mimi niko kibarazani, naandika kwa kidole kimoja kilichotakata.

Kwa hiyo, wenzangu, nawaomba mvumilie kidogo kabla ya kucheka. Bado nina msamaha mmoja wa kuomba humu nyumbani, na huyu sina picha ya kumrudishia.