Kidole Gumba cha Profesa

Kitu cha kwanza kilikuwa kidole gumba. Mwanamume aliyeingia kwenye kitalu chetu asubuhi ile alishika mche, akaugeuza, akaurudisha, na pale alipoushika pakabaki na harufu kali ya marashi. Nikamtazama. Mkono wake wa kulia ulirudi mfukoni, gumba likaanza kusugua mdomo wa kichupa cha marashi kilichochungulia hapo, kisichofunga vizuri. Alifanya hivyo bila kujua, kama wengine wanavyotafuna kucha.

Mjini walishamwita Profesa. Hakuna aliyejua anafundisha nini, lakini suti ilikuwa imenyooka na miwani ilikuwa mikubwa, basi ikatosha.

Shangazi na mimi tulikuwa tukipunguza uzio. Ni ile miti ya kawaida ambayo wakulima wa kisiwani huipanda ili vanila itambae juu yake na kupata kivuli. Matawi yalilala chini rundo zima.

"Shikamoo, Shangazi. Matawi haya ni ya nani?"

"Marahaba. Ya mbuzi."

"Mbuzi hatanilaumu nikiyachukua?"

"Beba, mwanangu. Unanipunguzia takataka."

Akanigeukia mimi. "Dada, yakikatwa hivi hubaki kijani siku kadhaa?"

Nikafungua kinywa. Mimi sauti yangu huchelewa kutoka, na watu wa mjini hawasubiri. Nilipofika kwenye "Ndiyo, tena...", yeye alikuwa ameshaita mkokoteni.

Shangazi hakujali. Alirudi kisimani kukwangua tope kwa kikombe. Kilima kilicho juu yetu kilinyolewa miti yote na mwenyewe, Tajiri wa Mbao, na tangu hapo mvua ikinyesha, maji hushuka mbio mpaka baharini bila hata kutusalimu. Kisima kilikuwa kinakufa. Kikifa, kitalu kinafungwa, na Shangazi na mimi tunakwenda kuosha vyombo vya watu. Mara ngapi alikwenda kumbembeleza Tajiri apande miti! Jibu lilikuwa lile lile: "Mama, mti haujui haraka. Mimi ninayo."

Yaliyotokea ofisini kwa Tajiri nilisimuliwa na dada anayefagia pale, ambaye haongezi chumvi isipokuwa inapohitajika.

Profesa aliweka mezani kijiti kimoja, kimechomekwa kwenye kiriba, kifuko cha plastiki chenye udongo. Akakipapasa taratibu kwa gumba lake. "Mheshimiwa, nusa."

Tajiri akanusa. Macho yakamtoka.

"Huo ni mti wa manukato. Utomvu wake wanauwekea ulinzi kama dhahabu. Miche niliyo nayo ni ile iliyo kwenye mkokoteni nje, basi."

"Mbona hupandi wewe mwenyewe?"

"Sina kilima, mheshimiwa. Mungu alinipa elimu, wewe akakupa kilima. Tumlaumu nani?"

Tajiri hakumlaumu mtu. Alilipa papo hapo, na kufikia Jumamosi vibarua walikuwa wamechomeka vijiti kilima kizima. Profesa akafunga sanduku lake akateremka gatini.

Hapo ndipo alipokwama. Boti pekee inayotoka kisiwani ni ile ya Tajiri, nayo huondoka ikijaa mbao. Mbao zilikuwa zimekwisha pamoja na msitu.

"Itaondoka lini?" aliuliza.

"Miti ikikua," akajibu nahodha, akageukia upande wa pili kulala.

Basi mtaalamu wetu akajifungia nyumba ya wageni, akila mikate mikavu na kungoja vijiti vikauke na yeye apigwe. Mvua ikanyesha kwa majuma. Siku moja Tajiri akatuma watu wamlete kilimani. Sisi tulikuwa pale chini tukijaza viriba, tukasikia kila kitu.

"Profesa! Nimenusa kilima kizima mpaka mafua yamenishika. Hakuna harufu! Nataka pesa yangu!"

Profesa alikuwa tayari kupiga magoti. Ndipo akaona. Vijiti vyote vilikuwa vimetoa majani, mabichi, yanang'aa. Alisimama kama aliyeona maiti ikipiga chafya. Akachuma jani, akalisugua kwa gumba, akalipeleka puani.

Likanukia.

Akachuma la pili. Likanukia zaidi. Niliona uso wake ukibadilika: kwanza hofu, kisha mshangao, kisha ile tamaa aliyozoea kuitazama kwenye nyuso za wenzake.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ya msiba, "umedhulumiwa. Aliyeniuzia mimi alinidanganya. Mimi ni mtu wa haki, nakurudishia pesa yako yote. Na kilima hiki cha aibu nipe mimi, usikione tena."

Tajiri akakuna kidevu. "Nikupe? Ongeza saa."

"Chukua."

"Na suti."

Walipeana mikono, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Tajiri aliteremka akiwa amevaa saa mbili, anacheka peke yake. Profesa alibaki na kaptula, kilima na kichupa chake.

Tangu hapo kila asubuhi anapita kitaluni na ndoo. Ameweka matuta ya kuzuia maji, amefukuza mbuzi, amepandisha vanila kwenye mashina ili asikae bure akingoja utomvu. Kisima kimejaa mpaka Shangazi anateka bila kuinama. Jana alimkaribisha chai, akamwita "mkwe" kwa utani, nami nikaangusha sufuria.

"Dada," huniuliza, huku amefumba macho na jani puani, "unadhani utomvu utaanza lini?"

Nami huinamisha kichwa, najaza viriba, nikisema moyoni:

Kaka, hiyo ni miti ya uzio. Hata ukiichomeka kichwa chini inaota. Kinachonukia ni kidole chako. Endelea kumwagilia.