Mashine ya Mishipa Imetoa Siri Yangu

Wenzangu wa korali, leo nimeaibika nikiwa nimelala chali, suruali imekunjwa mpaka mapajani. Nawaambia minye mwenyewe, kabla hamujasikia kwa wengine.

Munajua nabeba watu na moto, pikipiki yangu, ku njia ya Makobola. Tangu siku tatu mguu wangu wa kushoto umevimba. Docta akaogopa damu imeganda ndani ya mshipa, akanituma ku ekografi, ile mashine ya kuangalia ndani ya mwili. Minye nikaogopa kuliko yeye. (Nilishaanza kuwaza nani atabaki na moto yangu.)

Naingia mu chumba, nani ameshika chupa ya jeli? Furaha! Furaha wetu wa soprano. Nilijua iko infirmiere, muuguzi, lakini nilizani anatumika ku maternite, kule kwa kuzalisha. Na munakumbuka Siku ya Mungu iliyopita: muliniuliza mbele yake kama namupenda. Nikajibu iko dada yangu tu. (Nilikuwa naogopa. Haya, nimesema.) Tangu pale hanisalimii.

Akanipakaa jeli, akatoka kutafuta karatasi, nikapumua. Docta akaweka kidude chake nyuma ya goti, na mashine ikaanza kutoa sauti ya damu yangu. Fuu... fuu... fuu. Akasema inapita muzuri.

Furaha akarudi. Fufufufufu!

Docta akakunja uso, akaongeza sauti. Mlango ulikuwa wazi. Wagonjwa wote ku kuloa, pale wanangojea inje, wakageuka kusikiliza. Akaniuliza kama iko mahali panauma. Nikasema hapana. Furaha akaenda kufunga mlango: fuu... fuu. Akakaribia kitanda: fufufufu. Kule inje, hata mlango umefungwa, mama mumoja akaanza kucheka.

Pale njo docta akaelewa. Akamuomba Furaha atoke kidogo. Fuu... fuu. Akamuita arudi. Fufufufu.

"Mshipa hauna shida," akasema. "Mwenye mshipa njo iko na shida."

Nikafunika uso na shati. Docta akazima mashine, akaenda kuandika majibu. Furaha akapangusa mguu wangu polepole, jeli yote ikaisha, na bado anapangusa.

"Mashine imesema," akaniambia. "Weye utasema lini?"

Nilitafuta jibu la mwanaume. Nikamwambia, "Merci, mademoiselle."

Basi, damu haikuganda. Ni musuli ulivutika tu. Kesho naenda kwao kumujibu. Musinicheke, munisaidie tu maneno, juu merci, ile asante ya Kifaransa, nilishaitumia.