Mgongo wa Kochi

Jumatatu, 4 Machi
Fedheha! Mwezi jana nililivisha kochi la baba wa mchumba wangu kitambaa kipya. Bure! Ili mzee anione mtu wa maana kabla ya posa. Mbele, mikono, mito: safi. Mgongoni nikaacha gunia. Mgongo unatazama ukuta, nani atauona? Leo mama mkwe kalisogeza afagie. Mzee, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, kanitazama juu ya miwani na kuniita “cunning”. Mjanja mwenye hila! Mbele ya binti yake! Posa imesimamishwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimefunga karakana mapema, nikaenda maktaba. Mkutubi kanisomea kamusi kubwa. Kumbe zamani neno hilo lilikuwa sifa! Limetokana na kitenzi cha kujua. Aliyeitwa hivyo alikuwa mjuzi, msomi, fundi wa mikono. Hila ziliingia baadaye. Nadhani walioziingiza ni wasiojua kitu, kwa kijicho tu. Nimesifiwa, na mzee hana habari!

Jumatano, 6 Machi
Nimeliandika neno lenyewe kwenye kibao cha karakana. Herufi nyekundu. Seremala wa ng'ambo ya barabara, anayemmezea mate mchumba wangu, kauliza maana. Nikamwambia ni mjuzi. Kaenda kuulizia, karudi anashika mbavu kwa kicheko. Mteja mmoja kasoma kibao, kabeba kiti chake kabla sijakimaliza. Aende! Kibao hakishuki.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemweleza mzee historia yote, nimesimama wima. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hayo alikuwa akiyafundisha kabla sijazaliwa, na kwamba ningekuja kuposa miaka mia saba iliyopita, angenipa binti siku hiyohiyo. Bahati mbaya nimechelewa kidogo. Mama mkwe kacheka mpaka kamwaga chai.

Mchumba hakucheka. Kanisindikiza mlangoni, kaniambia ananipenda, ila hataki mume ambaye kila siku itabidi amchungulie mgongoni. Iliniuma. Nampenda yule binti kuliko kazi yangu. Nadhani mzee aliniona uso, maana aliniita tena: nimalize mgongo, wajomba zangu waje Jumapili.

Jumamosi, 9 Machi
Mgongo tayari! Kitambaa kilekile, maua yamekutana kwenye mshono. Mzee kaupapasa, kanipa mkono. Hajui kwamba dukani kitambaa hicho kimekwisha. Nimekitoa kwenye kochi hilohilo, chini ya mito, nikaziba pengo kwa gunia. Nani huinua mito? Akili ni mali, bwana!

Jumapili, 10 Machi
Posa imevunjika. Mjomba mkubwa alikuwa akizungumza vizuri sana, kwa adabu zote, mara miwani yake ikateleza kati ya mito. Mama mkwe akainua mto amsaidie. Gunia! Wajomba wakainamisha vichwa. Mchumba akaingia ndani, hakutoka tena. Nimelia njia nzima, na sioni haya kusema.

Lakini makosa ni ya mjomba. Angevaa miwani yenye kamba! Halafu safari hii mzee hakuniita lile neno. Kaniita “crafty”. Maktaba imefungwa, nikamgongea mkutubi nyumbani kwake. Kasema hilo nalo ni mwenye hila, ila zamani za kale lilikuwa na maana ya mtu mwenye nguvu. Mwenye nguvu! Kesho asubuhi niko mlangoni kwa mzee. Safari hii hana pa kutokea.