Shimo la Mionzi na Mama Mkwe Wangu

Jumatatu, 12 Mei

Nimepewa kazi ya maana. Mradi wetu unatafuta mahali pa kuzika taka za nyuklia: vyuma vidogo vya mionzi kutoka mashine za hospitalini na viwandani. Vimechoka kazi, ila hatari bado vinayo tele. Vitafungwa ndani ya chuma na saruji, vishushwe chini kabisa mwambani. Mwamba unaofikiriwa uko juu ya Mlali. Kijijini kwa mke wangu.

Wanakijiji wakikubali mwamba uchunguzwe, uratibu ni wangu. Si wa Yustina, ambaye ofisini anajulikana kwa kuuliza maswali. Nimeamua: neno nyuklia halitatamkwa. Wala mionzi. Tutasema “ghala la mwambani”. Yustina kauliza ghala la nini. Nimemwambia maswali ya namna hiyo ndiyo yanayoua miradi.

Jumatano, 14 Mei

Nimepanda kijijini na fulana: GHALA LETU, FAHARI YETU. Zimegombaniwa. Nimerudi nyumbani Mafiga, mjini, moyo mweupe.

Jioni ndugu zake Mwanvita, mke wangu, wamempigia simu. Kijiji kimechafuka. Wengine wanasema tunakuja kuzika maiti za ugonjwa usiotajwa. Wengine wanasema tumeona dhahabu, tunataka kuwahamisha. Mzee Dadi, mwenyekiti wa kijiji, fulana yake kaivalisha sanamu ya kufukuzia ngedere shambani.

Mwanvita akataka kujua ghalani kutawekwa nini hasa. Nikasema ni siri ya kazi.

“Ni kwetu kule, Abeid,” akasema. “Utaniambia lini? Tukishahama?”

Nikajifanya nimesinzia.

Alhamisi, 15 Mei

Mpango mpya. Kule ardhi inafuata ukoo wa mama, na mkubwa wa ukoo ni mama mkwe, Bi Asha. Akikubali yeye, nani atakataa? Shida ni kwamba kwa heshima ya ukwe siwezi kumkalia mama mkwe uso kwa uso nikamfundisha la kusema. Nimemtuma Mwanvita na kitenge kizuri na ujumbe: mkutanoni mama asimame, aseme “tumelipokea”, akae.

Kumbe kabla ya kwenda, Mwanvita kapitia ofisini kumuuliza Yustina. Yustina kamweleza yote. Usaliti mtupu.

Mwanvita amerudi kimya. Kimya kama cha mwaka ule mama yake alipokuwa Dar akitibiwa saratani.

Jumamosi, 17 Mei

Mkutano. Nilisema vizuri sana habari za ghala. Kisha Bi Asha akasimama. Nilimwamkia shikamoo kwa mbali, nikamtolea tabasamu la kumtia moyo.

“Chuma cha mionzi mnachotaka kuzika ndicho kilichoniponya,” akasema. “Nililala chini ya ile mashine, nikarudi kulea wajukuu. Sasa kimechoka, na lazima kilazwe mahali. Hilo naelewa. Ila mkwe wangu kaniletea kitenge ili nisiulize. Basi nauliza. Maji tunayokunywa yanatoka mlimani humu. Yakikifikia? Na watakaozaliwa sisi tumeshasahaulika, nani atawaambia wasichimbe hapa?”

Nilijibu kwamba wataalamu wapo.

Yustina akainuka. Akasema maji ndiyo sababu ya kuchunguza kwanza. Yakionekana yanapita kwenye ule mwamba, shimo halitachimbwa. Kuhusu watakaozaliwa, alisema hata wenye shahada kubwa bado wanabishana, na yeye jibu kamili hana.

Nilifumba macho. Nikajua tumekwisha.

Mzee Dadi akauliza, na wakikataa?

“Mkikataa, tunaondoka,” Yustina akasema.

Watu wakatazamana. Nadhani hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo. Wakajadiliana mpaka jua likapanda vichwani. Mwisho wakakubali uchunguzi tu, vijana wao wakiwepo, na wabaki na haki ya kukataa wakati wowote.

Bi Asha alinirudishia kitenge kupitia kwa binti yake. Njia nzima ya kushuka Mwanvita alitazama mlima, nami nikamtazama yeye.

Jumatatu, 19 Mei

Uratibu kapewa Yustina. Mkuu kaniuliza nimejifunza nini. Nimemwambia kitenge kilikuwa cha rangi ya kizee mno.

Sasa niko chini ya Yustina. Kanituma nirudi kijijini, nikae na Bi Asha na wenzake niwasikilize: watakaozaliwa baadaye waambiweje? Alama ya jiwe? Wimbo wa kufundisha watoto? Kasema nisiende na jibu mfukoni.

Sihitaji kwenda. Jibu nimelipata mezani, kabla chai haijapoa. Pale juu tupande michungwa, tufute kila dalili ya shimo, na tusimwambie mtu yeyote. Ardhi itakuwa nzuri, kivuli cha kutosha. Nani atafikiria kuchimba hapo, zaidi ya mashimo ya kupanda michungwa mingine?