Matone ya Dakta Wael

Bibiana, mpima macho wa zahanati moja ya Ngamiani, alipofuzu kuandika dawa za macho badala ya miwani peke yake, mtaa mzima ulimpongeza. Wael, mtembeza miwani, hakupongeza mtu. Alikwenda kuazima koti jeupe kwa muuza nyama.

"Hata mimi nimefuzu!" akatangaza, kisanduku cha miwani mezani. Ukimuuliza kafuzu wapi, anakuuliza unaumwa wapi. Dawa yake ilikuwa maji, ndimu na tangawizi kidogo, maana dawa isiyowasha nani ataiamini? Subhanallah, ujinga wa watu nao ni mtaji!

Akatokea Bi Shamsiya wa Pangani, macho mekundu, bangili inang'aa mkononi. Wael aliiona bangili kwanza, macho baadaye.

"Shikamoo, mama! Hayo macho ukiyaacha hivyo, kesho hutamtambua mumeo."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo si hasara kubwa. Ila pesa sina, nina hii dhahabu ya marehemu bibi."

"Lete tu, mama, tutasaidiana," akasema Wael kwa huruma nyingi.

Bangili ikazama mfukoni. Akainua kichupa.

"Ngoja kwanza," akasema Bi Shamsiya. "Kwetu mwenyeji huonja kwanza, ndipo mgeni ale. Anza wewe."

"Mama, hii dawa, si pilau!"

"Basi nirudishie bangili yangu."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Wael alipima moyoni: macho anayo mawili, dhahabu hana hata moja. Akajitonesha jicho hili na hili.

Yarabi! Aliruka, akalia, akamwita mama yake aliyeko Mwera. Mpaka anapata maji ya kunawa, Bi Shamsiya hayupo, na kisanduku cha miwani hakipo.

Majirani wakamshika mkono hadi kwa Bibiana. Akamsafisha macho, akamwandikia dawa.

"Soma mwenyewe, dakta mwenzangu," akamwambia.

Maskini, Wael haoni hata herufi. Nje ya mlango akasikia mtu ananadi miwani ya kusomea.

"Niuzie moja, tafadhali," akasema, akipapasa hewani. Kwa uchungu mkubwa akaitoa ile dhahabu yake.

Muuzaji akaigeuza bangili, akaing'ata, akamrudishia kiganjani.

"Hii shaba, mwanangu," akasema Bi Shamsiya. "Kunitapeli mimi mtu mzima, huoni haya?"